Pimbi na Maji ya Matanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuazimana vyungu, Pimbi mjane aliishi bondeni na binti zake wawili, Siwema na Kidawa.

Juu mlimani, Ndovu na Kifaru walikuwa na tanuri la kuyeyushia mawe ya shaba na risasi. Vuu! Vuu! Mivukuto ilivuma mchana kutwa, na uchafu wote wa tanuri ukamwagwa mtoni, chubwi! Bonde zima lilikunywa mto huo huo.

Siwema akaanza kuumwa tumbo. Fizi zake zikaingia weusi. Wiki ya tatu akafa, na Kidawa naye akaanza kujishika tumbo.

"Ni mto, Mzee Ndovu," Pimbi alilia. "Tufungulieni chemchemi yenu ya kule juu, nimwokoe huyu aliyebaki."

"Mto una nini?" Ndovu akang'aka. "Maji safi kabisa! Mwanao kafa kwa degedege."

"Mbona basi chemchemi yenu mmeizungushia ua wa miiba?"

"Pale ni bustani ya mke wangu! Nenda zako!"

Majirani walimwamini Ndovu, kwa kuwa ni mkubwa na sauti yake nzito. Maskini Pimbi! Alirudi nyumbani roho ikimuuma, akakaa akifikiri.

Siku ya kuvunja matanga, bonde zima lilikusanyika. Desturi yao ilikuwa hivi: kila mgeni hunywa kata moja ya maji ya wafiwa, na anayekataa hujitangaza kuwa ana mkono katika kifo kile. Ndovu na Kifaru walikuja na mkungu wa ndizi na nyuso za huzuni.

Pimbi akawapelekea kata. "Karibuni, wakubwa zangu. Maji ya mto wetu haya, nimeyateka leo asubuhi."

Lo! Ndovu akayatazama maji, mkonga ukamnywea.

"Aa, mimi leo nimefunga," akasema.

"Umefunga, na njiani ulikuwa ukitafuna miwa?" akauliza Ngiri, mmoja wa majirani.

"Basi Kifaru aanze!"

"Mimi? Mimi nina... nina jino!"

Waombolezaji wakaguna. Mmh!

"Kunywa, Mzee," Pimbi akasema. "Si ulisema ni safi?"

"Siyanywi!" Ndovu akafoka. "Maji yenye sumu ya tanuri nitayanywaje?"

Pimbi akaitwaa ile kata, akayagugumia maji yote, gu! gu! gu!

"Haya ni ya chemchemi yako," akasema, machozi yakimtiririka. "Nilipenya chini ya miiba. Nilitaka tu useme kweli mbele ya watu."

Siku ile ile wanyama walipanda mlimani. Tanuri likazimwa, ua ukang'olewa, Ndovu na Kifaru wakafukuzwa. Pimbi akambeba Kidawa hadi chemchemini, akamnywesha mpaka akatosheka.

Baada ya siku kadhaa tumbo lilipoa, ila sumu ilikwisha kufika kichwani.

"Kidawa!" Pimbi alimwita. "Kidawa mwanangu!"

Mtoto aliendelea kuchezea maji. Hakujua kwamba anaitwa yeye.

Hapo ndipo ninapoishia, wanangu, na funzo lake ni hili: anayekwambia maji ni salama, mwambie kwanza awanyweshe wanawe.