Sange Aliyesomea Vifo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na woga!

Woga wa nani?

— Tuambie wewe!

Haya, sogeeni. Na aliye karibu na mlango aufunge.

Hapo kale palikuwa na Sange, yule panya mwenye pua ndefu. Alikuwa mwoga kupindukia. Jani likianguka, moyo du-du-du! Tawi likivunjika, moyo du-du-du! Mwishowe akasema, "Kama sina budi kuogopa, basi niogope kwa elimu." Akaenda chuo kikuu cha porini kusomea uaktuaria, yaani kazi ya kukadiria hatari: mafuriko yatabomoa mashimo mangapi, ukame utaua swala wangapi, ili wanyama waweke akiba mapema ya kuwafaa watakaofikwa.

Mwalimu wake, Kakakuona, hakuchoka kuwaambia wanafunzi wake: "Hesabu inajua wangapi. Hesabu haijui nani."

Asubuhi ya mtihani wa mwisho Sange alikuwa njiani, akijisomea kimoyomoyo. Kichaka kikalia chaka-chaka-chaka, mara paa! Fisi akamkanyaga mkia.

"Shikamoo, mjomba," Sange akasema.

"Marahaba. Nasikia unasomea vifo."

"Nasoma tu, mjomba."

"Basi niambie nani atakufa karibuni, nikamsubiri mlangoni kwake. Nimechoka kuzurura. Usiposema, utakufa wewe, tena sasa hivi!"

Asipotaja mtu, ataliwa. Akimtaja jirani, Fisi atakwenda kumsubiri, na Fisi hajui kusubiri. Jirani atakufa kwa kutajwa tu. Aliogopa hata machozi yakamtoka. Lakini akakumbuka kwamba kazi yake huanza kwa kuuliza.

"Nitakadiria, mjomba. Ila ni lazima nianze na aliye mbele yangu. Baba alikufaje?"

"Baba? Simba alimkuta kwenye mzoga."

Sange akaandika mchangani, kwaru-kwaru. Akatikisa kichwa. "Mmh!"

"Mmh nini?" Fisi akauliza. "Basi mzoga siendi tena!"

"Na babu, mjomba?"

"Alikabwa na mfupa."

Kwaru-kwaru. "Mmh!"

"Basi mfupa siugusi!"

"Na mama?"

"Mama alikwenda mtoni kunywa maji. Mamba..." Fisi hakumaliza.

Kwaru-kwaru. Safari hii Sange hakuguna. Pua ilimtetemeka, na huko kutetemeka hakukuwa kwa kuigiza.

"Mtoni siendi!" Fisi akapiga kelele. "Niambie, binti, ni mimi? Ni mimi?"

"Sijataja jina, mjomba."

Fisi akauondoa mguu mkiani. Akatazama nyuma, akatazama juu, akatimua mbio, vumbi tifu-tifu-tifu, mpaka pangoni kwake. Akajikunyata kwenye kona ya mwisho. Sange naye akakimbilia mtihani wake, akafaulu.

Siku zikapita. Vicheko vya Fisi havikusikika tena porini, na wanyama wakaogopa ule ukimya kuliko walivyoogopa kicheko. Mvua ziliporudi, Sange, sasa aktuari kamili, alipita kila shimo na kila pango kukusanya hesabu za mwaka. Pangoni kwa Fisi alipiga hodi. Kimya. Akachungulia. Kwenye kona ya mwisho, mbali na mzoga, mbali na mfupa, mbali na mto, palikuwa na ngozi iliyokauka.

Moyo du-du-du! Akaandika: fisi, mmoja. Hakuandika nani.

Tangu siku hiyo, Sange akimwuliza mnyama, "Baba alikufaje?", mnyama hutimua mbio.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa njema, gawaneni. Ikiwa mbaya, gawaneni pia, asije mmoja akaibeba peke yake.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: jiepusheni na kila hatari, mtaishi miaka mingi. Asiyeamini na akamwulize Fisi.