Kichwa cha Kitoga

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu alikuwa bado hajaota meno ya kunitafunia maneno, waliishi watani wawili kando ya mto Kilombero. Mmoja aliitwa Matimbwa, mwingine Kaundime.

Matimbwa alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana. Kaundime alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi, mchana bado anakujibu. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani mnaijua: ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vihoja msibani mpaka ucheke, na ukishacheka, ule. Na katika koo hizo zote mbili hakuna aliyefanya vihoja kama Kaundime. Yule bwana angeweza kuchekesha jeneza.

Kila mafuriko yalipopungua, wawili hawa walikwenda dago. Dago ni kuhama nyumbani, ukapige kibanda cha nyasi kwenye kisiwa mtoni, ukavue na kubanika samaki mpaka mtumbwi ujae. Na watu wa dago waliitwa nyumbani kwa njia moja tu: moshi. Panapotokea jambo, mtu wa nyumbani anakwenda bandarini, anawasha moto, anautupia majani mabichi. Moshi mweupe ukipanda, aliye dago anaacha nyavu majini na kurudi.

Sasa sikilizeni.

Matimbwa alikuwa na mama yake, Bi Namtero, na mkewe, Havijawa. Baba hakuwepo, alifariki Matimbwa akiwa mdogo, mwana akishuhudia, na mtoto yule alikaa msimu mzima hatamki neno. Hayo maneno machache aliyokuwa nayo ndiyo yaliyorudi. Mengine yalibaki hukohuko.

Mwaka huo Bi Namtero aliugua kifua. Matimbwa akasema, "Mwaka huu siendi dago."

Mama akamwita Kaundime nyuma ya jiko.

"Mtani, mimi naondoka."

"Unaondoka unakwenda wapi, bibi, na miguu hiyo kama vijiti vya mishikaki?"

"Kaundime."

Alivyolitaja jina, Kaundime akaacha mzaha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Mwanangu alimwona baba yake akikata roho, akapotea msimu mzima. Akiniona na mimi, hatarudi. Mpeleke dago. Nitamwambia nataka samaki kitoga, na msirudi bila kitoga. Arudi akute kaburi, asinikute nikihangaika."

"Na kaburini atakupokea nani, mama? Kushuka shimoni kumpokea mzazi ni kazi ya mtoto."

"Atanipokea atakayekuwepo. Niapie."

"Na wakiwasha moshi?"

"Hata wakiwasha moshi. Niapie kwa utani wetu."

Kaundime akaapa.

Kesho yake Bi Namtero aliamka mapema, akajipaka mafuta, akafunga khanga mpya. Kisha akasimama kwenye ua wa matete na kuanza kumtukana jirani, Mzee Ngahoma. Hawa wawili waligombana miaka na miaka kwa ajili ya bata. Bata wa Ngahoma anavuka ua, anakula mchele wa Bi Namtero. Na bata alishakufa zamani. Waliendelea kwa heshima ya marehemu.

"Ngahoma! Wewe na bata wako mmefanana mwendo!"

"Na wewe umefanana naye sauti!" Ngahoma akajibu kutoka upande wa pili.

Matimbwa aliposikia tusi limetoka kifuani kwa nguvu namna ile, moyo wake ukatulia. "Mama amepona," akasema.

"Amepona nini, nina hamu tu ya kitoga," mama akasema. "Yule mwenye ndevu, mnono, wa kule vilindini. Nendeni mkanitafutie."

Matimbwa akamgeukia mkewe. "Mama akizidiwa, washa moshi. Usingoje."

"Nitawasha," Havijawa akasema. Naye akaahidi kwa moyo mweupe, maana hakujua lililosemwa nyuma ya jiko.

Basi wakaenda. Wakapiga kibanda, wakajenga uchanja wa kubanikia, wakatega migono, ile mitego ya kusukwa, vilindini. Walivua perege, walivua kambale, kitoga hakuna. Jioni wanasonga ugali, Kaundime anaanza:

"Mtani, jana ulivyokoroma, kiboko alitoka majini. Amesimama hapa mlangoni ananiuliza, 'Huyu ni wa ukoo gani? Mbona lafudhi yake ni ya kwetu?'"

Matimbwa anacheka. Mtu ambaye nyumbani hacheki, dago anacheka mpaka ugali unaungua.

Asubuhi moja Kaundime alitangulia kukagua migono. Akauinua wa kwanza, mzito. Akauinua wa pili, mzito zaidi, na ndani yake amelala kitoga mwenye ndevu kama shehe. Kaundime akamtazama. Kitoga naye akamtazama.

"Wewe umewahi sana," Kaundime akamwambia. Akaufungua mgono, akamwacha aende zake. Akarudi kambini anapiga mluzi. "Hamna kitu, mtani. Vitoga wa mwaka huu wamesoma."

Siku hiyohiyo, jua likiwa juu, moshi ukapanda.

Mweupe, wima, upande wa nyumbani. Matimbwa akainua uso. "Kaundime, tazama kule. Ule si moshi wa kwetu?"

Kaundime akatazama. Akaendelea kukunja wavu. Akasema, "Kwenu wapi? Yule ni Mzee Ngahoma. Wamemwambia bata alishakufa, hakuamini. Sasa ameamua kumchoma mzimu wake na manyoya yake yote."

Moshi ukapanda, Kaundime akasema neno, Matimbwa akacheka.

Alasiri ukapanda tena, mzito kuliko wa kwanza. Matimbwa akaacha wavu. "Na sasa?"

"Sasa ni mama yako. Amesikia harufu ya mzimu wa bata, amewasha na yeye, wanashindana nani ana moshi mrefu."

Matimbwa alikumbuka tusi la asubuhi ile, akaamini mama ni mzima, akacheka mpaka akakaa chini ndani ya mtumbwi, akashika mbavu, machozi yakamtoka. Kaundime naye machozi yalimtoka. Ukiwatazama kwa mbali, ungesema ni watu wawili wanacheka.

Moshi ukapanda, Kaundime akasema neno, Matimbwa akacheka.

Kesho yake asubuhi, moshi haukupanda. Kaundime hakusema neno. Matimbwa hakuwa na cha kuchekea.

"Umepatwa na nini leo?" Matimbwa akauliza. "Mbona umeniachia mimi kazi ya kuongea?"

"Tumbo," Kaundime akasema.

Kitoga akaingia mgononi siku iliyofuata. Labda yuleyule, labda ndugu yake. Wakambanika kwa moto wa taratibu, mzima, bila kumpasua, wakamlaza juu ya jani la mgomba. Matimbwa akashika upondo kusukuma mtumbwi, na njia nzima anaimba. Nyinyi hamkuwahi kumsikia, lakini walioishi naye walisema kama kuna kitu kibaya kuliko ukimya wa Matimbwa, ni kuimba kwake. Siku hiyo Kaundime hakumtania. Alikaa mbele ya mtumbwi, amempa mgongo.

Bandarini alikuwepo Havijawa. Amevaa kaniki ya msiba.

Wimbo ukaishia hapo. Matimbwa akamtazama mkewe, akaitazama ile kaniki, akamtazama kitoga. Halafu akasema, "Mbona hukuwasha moshi?"

Havijawa akafungua mikono. Viganja vilikuwa na malengelenge ya moto.

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.

Matimbwa hakulia. Alifanya alichofanya utotoni: alinyamaza. Akakaa hivyo matanga yote. Kaundime alikuja na vihoja vyake vya utani, akavaa gunia, akajipaka majivu, akajifanya mke mdogo wa marehemu anayedai urithi. Msiba mzima ukaangua kicheko. Matimbwa akamtazama kama mtu anayetazama ukuta.

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na desturi ya samaki wa ahadi. Samaki aliyeombwa na mtu wa nyumbani kwa jina hauzwi. Mwenye kumwomba akiwa amefariki, samaki yule anapikwa siku ya kuvunja matanga, na kichwa anapewa mtu mmoja, yule aliyesimama karibu zaidi na marehemu katika safari yake ya mwisho. Akila kichwa, anaingia nafasi ya marehemu kwenye nyumba ile. Akija, anaamkiwa kwanza. Akisema, anasikilizwa. Nyumba iliyofiwa na mama inapata tena mtu wa kuitwa mama, hata kama mtu huyo ana ndevu. Na anayetoa kichwa ni mtoto wa marehemu. Asipotoa, nyumba inabaki pengo. Na ukoo wote unatazama.

Kitoga akapikwa. Kichwa kikawekwa kwenye sahani ya udongo, sahani ikawekwa mikononi mwa Matimbwa.

Havijawa akasema kwanza.

"Mume wangu, mimi nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza ubavu. Siku ile jua likiwa juu alinishika mkono, akasema, 'Havijawa, nilikosea. Nilidhani nitaweza kwenda bila kumwona, siwezi. Niwashie moshi, nataka uso wa mwanangu.' Nikawasha. Akauliza, 'Amekuja?' Nikamwambia yuko njiani. Nikaenda nikawasha tena, nikashika makaa kwa mikono. Akauliza, 'Amekuja?' Nikamwambia yuko njiani. Mara ya tatu hakuuliza. Niliahidi kukuita, nikakuita. Niliyemuuguza ni mimi, na neno lake la mwisho ninalo mimi."

Kaundime aliposikia kwamba Bi Namtero mwenyewe ndiye aliyeagiza moshi, akakaa mavumbini. Hakuna aliyecheka. Watu walidhani ni kihoja kingine, wakangoja, kihoja hakikuja.

"Ndugu yangu," akasema. "Moshi niliuona. Niliujua. Mama aliniapisha nikuondoe, nisikurudishe hata moshi ukiwaka. Kitoga wa kwanza aliingia mgononi, nikamwachia, ili tusirudi. Kila nilipokuchekesha, nilikuwa namwona mama yako mbele ya macho yangu, na wewe unacheka, na mimi nakufa. Hakunitumia mtu kuniambia amegeuza neno. Mimi nilibeba neno nililopewa, nikalifikisha lilikoagizwa. Mzigo wake wa kwanza na mzito nilitwishwa mimi. Kama ni kosa, nililifanya kwa kumtii mama yako. Kama si kosa, mbona siwezi kulala?"

Watu wakaguna. Ndipo kikohozi kikasikika nyuma ya ua, na Mzee Ngahoma akaingia anachechemea.

"Mimi sidai kitu," akasema. "Lakini mgongo wangu unadai. Ile asubuhi ya bata, Bi Namtero alinitukana huku ameshika matete ya ua kwa mikono miwili asianguke. Mimi nilikuwa upande wa pili, naviona vidole vyake kati ya matete. Nikamrudishia tusi kwa sauti, ili mwanawe asikie ugomvi, asisikie pumzi ya mama inavyokatika. Siku ya maziko waliniambia tuzike mapema, nikakataa. Nikasema tumngoje kijana. Tukangoja mpaka jua likaegemea miti. Hukuja. Aliye ndani ya shimo lazima ajitaje, marehemu ajue yuko mikononi mwa nani. Nikashuka na mgongo huu. Wakamshusha, nikampokea. Mwepesi, Matimbwa! Mwepesi kama bata. Nikataka kusema, 'Ni mimi Ngahoma,' nikaona huyu mama atafufuka kwa hasira. Basi nikamwambia sikioni, 'Mama, ni mimi, Matimbwa. Nimekuja.'"

Mzee akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nimemdanganya maiti. Kama kuna faini, nitalipa."

Basi mmoja aliwasha moshi wa kweli, ukapotea bure. Mmoja alimdanganya aliye hai, kwa amri ya mama. Mmoja alimdanganya maiti, bila amri ya mtu yeyote.

Matimbwa akasimama na sahani. Tangu bandarini hakuwa ametamka neno. Akafungua kinywa, watu wote wakainama kusikia.

"Nilicheka," akasema. "Mama anauliza nimekuja, mimi nacheka."

Akamtazama mkewe na mikono yake iliyoungua. Akimpa yeye, amesema mbele ya ukoo kwamba Kaundime alimwibia uso wa mama, na dago lao limekwisha milele. Akamtazama Kaundime pale mavumbini. Akimpa yeye, amesema yale malengelenge si kitu, na kilio cha mwisho cha mama si kitu. Akamtazama Mzee Ngahoma, adui wa ua. Akimpa yeye, amewapita wote wawili waliokula na mama sahani moja, na kumpa mtu aliyemkaribia mama akiwa shimoni tu.

Akapiga hatua moja. Akasimama. Mvuke wa samaki ukawa unapungua, na kwenye ua wa matete hapakuwa na mtu wa kutukana.

Haya, jamani, mimi nimemfikisha hapo, amesimama, sahani inapoa mikononi mwake na ukoo unamtazama. Msimwache peke yake. Semeni nyinyi mnaotaniana, nyinyi mnaouguza, nyinyi mnaogombana na majirani: kile kichwa cha kitoga, je, nani alistahili?