Vipimo vya Mteja Asiye na Mwili

Akiba ni kitu unachokiweka siku ambayo hukihitaji, kwa ajili ya siku usiyoijua. Ndiyo maana mweka akiba huchekwa. Wanaomtazama huiona leo tu, nayo leo imeshiba. Fundi mmoja wa kushona nguo alichekwa hivyo miaka mingi, na waliomcheka zaidi walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Walimwita Mzee Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikushuka shingoni mwake tangu anafungua duka hadi anafunga. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kukatia, vyerehani viwili, pasi nzito na rafu iliyopinda kwa uzito wa madaftari. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Juu jina, chini mistari minane, daima kwa mpangilio uleule: shingo, bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, paja, urefu. Namba yoyote iliyopita mbele ya macho ya Mzee Futi ilikuwa lazima iandikwe. Mkewe alimtania kwamba siku akihesabiwa nywele ataomba kalamu. Yeye alijibu kwa utulivu, "Kichwa ni kapu, mke wangu. Kinabeba, lakini kinavuja."

Binti yao wa pekee, aliyefanya kazi na baba yake, ndiye aliyeleta kompyuta dukani. Aliingiza humo vielelezo vyote vya kukatia, kisha akaifunga diski yake kwa kufuli la siri linalogeuza kila kilichomo kuwa fumbo, ili hata mwizi akiibeba asiambulie kitu. Kioo kikaonyesha namba ndefu ya dharura na kuonya kwamba itunzwe. Binti aliipiga picha kwa simu. Baada ya muda simu ilipojaa, akazihamishia picha zake zote kwenye kompyuta na kuzifuta simuni. Hakujua kwamba siku ile ameufungia ufunguo ndani ya sanduku lenyewe. Alimwomba baba yake ayatupe madaftari, maana yanakula nafasi na kufuga mende. Mzee Futi alicheka tu, akayapangusa vumbi.

Kisha kifua kilianza kumsumbua. Alipoona mkasi unamwelemea, alimwomba binti amwonyeshe namna ya kujirekodi. Kwa miezi mitatu, kila alasiri, alijifungia dukani na kitambaa na ile kompyuta, akieleza jinsi ya kukata kola isiyokunjamana, jinsi ya kulipanga bega la koti, mambo ambayo mikono yake iliyajua kuliko mdomo. Binti alitaka kuchungulia, akakatazwa. Aliambiwa anayeonja chungu kabla hakijaiva humlaumu mpishi bure.

Mzee Futi alifariki kabla ya kusema kwamba chungu kimeiva.

Miezi miwili binti alikipita kiti cha baba yake mbele ya kompyuta bila kukigusa. Asubuhi alipojipa moyo na kubonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta ilinyamaza kama jiwe.

Aliibeba mikononi, mtaa wa tatu, hadi kwa fundi wa kompyuta aliyejulikana kama Bisibisi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi kuliko zana zake. Bisibisi alifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Ubao mkuu ulikuwa umeungua. Hata hivyo diski ilikuwa nzima, na moyo wa binti ukaruka kwa furaha. Fundi aliichomoa, akaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, nacho kioo kikadai namba ya dharura.

Bisibisi alieleza kwamba ufunguo wa kila siku ulikaa kwenye ule ubao, na ubao umekufa nao. Iliyobaki ni namba ya tarakimu arobaini na nane, makundi manane ya tarakimu sita sita.

"Ninayo," binti alisema, "nimeihifadhi."

"Wapi, dada?"

Binti alifumbua mdomo, akautazama mkono wake ukiwa umeinyooshea kidole ile diski iliyofungwa. Fundi aliweka bisibisi mezani polepole, akasema kwa upole kwamba kufuli la namna hiyo halibahatishwi. Mtu angeweza kujaribu hadi wajukuu wake wazeeke.

Binti alirudi dukani akiwa mtupu kama mfuko uliogeuzwa nje. Mama yake alikuwa akipiga pasi. Alimsogezea kiti. Sauti ya mumewe ilikuwa ndani ya kile kipande cha chuma, naye pia alikuwa akiisubiri.

Ilikuwa saa nane mchana alipoingia muuguzi mmoja, mteja wa miaka mingi, akitaka sare mpya ya kazi. Binti alichukua futi ili ampime. Muuguzi akarudi nyuma.

"Unanipima nini tena, mwanangu? Mwili huu marehemu aliumaliza. Uliza daftari."

"Labda umeongezeka kidogo, mama," binti alisema.

"Hata kama. Hilo si la kuandika."

Mama mtu alicheka akiwa ameshika pasi, kicheko kifupi, cha kwanza tangu mazishi. Binti alipanda kwenye kigoda, akavuta daftari la mwisho, akafunua kurasa akitafuta jina la muuguzi. Ghafla mkono wake ukasimama. Katikati ya wateja kulikuwa na ukurasa ulioandikwa juu, kwa mwandiko wa baba yake ulioinama kushoto: *Kompyuta*. Chini yake mistari minane. Kifua: 306218. Kwa namba zile, mteja huyo angehitaji kitambaa cha kuufunika mji mzima na vitongoji vyake.

Alihesabu tarakimu kwa kidole. Sita. Mstari wa pili, sita. Wa tatu, sita. Mistari yote minane.

Mzee Futi alikuwa amesimama nyuma yake siku ile ya kufuli. Namba ilipita mbele ya macho yake, na namba ikipita huandikwa. Kwa kuwa hakuwa na ukurasa wa namna nyingine, alimpima kompyuta shingo, bega na kiuno kama mteja yeyote.

Binti alilikumbatia daftari, akatoka mbio na futi bado i shingoni. Mama yake alichomoa pasi, akamfuata na kanga moja begani. Muuguzi aliyebaki mlangoni aliwaambia wapita njia kwamba hajui kuna nini, ila yeye halindi duka la mtu. Kisha akakaa, akalilinda.

Bisibisi alipoona ukurasa alisimama wima. Walianza. Binti alisoma kama anayekariri sala, fundi akabonyeza. Shingo. Bega. Kifua. Kiuno. Kwenye nyonga sauti ikakatika. Tone la mafuta ya cherehani lilikuwa limeangukia tarakimu ya tatu. Walibaki na 41, doa, kisha 382. Ndani ya doa palionekana kitu chenye tumbo: labda tatu, labda tano, labda nane.

"Tusibahatishe," Bisibisi alisema, macho yakimng'aa. "Namba hizi zina tabia moja. Kila kundi hugawanyika kwa kumi na moja bila baki."

Alivuta karatasi. Aliweka tatu, akagawanya, ikabaki mbili. Aliweka nane, ikabaki nane. Binti aliweka tano mwenyewe: elfu thelathini na saba, mia saba sitini na mbili. Haikubaki kitu.

Mkono. Paja. Urefu. Bisibisi aliondoa kidole chake kwenye kitufe cha mwisho, akasogeza kiti pembeni, akasema hilo ni la mwenye duka. Binti alibonyeza. Kioo kiliwaza kidogo, kikawaza tena, kisha mafaili yakamiminika kama shanga zilizokatikiwa uzi. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Video ya kwanza ilianza kwa kikohozi. Kisha Mzee Futi akatokea, amekonda, futi shingoni, akitazama pembeni kidogo kwa sababu hakujua kamera iko wapi hasa.

"Umefika," alisema. "Najua mkono umeshaenda kwenye mkasi. Uache. Lete daftari kwanza, mwanangu, uandike."

Machozi yalimtiririka binti, na huku anacheka. Mama yake alimgusa bega.

"Umesikia baba yako," alisema. "Andika."

Binti alichukua kalamu ya Bisibisi. Kando ya doa la mafuta aliandika tano, kubwa na wazi. Halafu akanakili mistari yote minane kwenye karatasi mbili, moja akampa mama yake, nyingine akaikunja ili akaiweke kwenye ile rafu iliyopinda, rafu ambayo hakutamani tena kuipunguza. Bisibisi aliirudisha video mwanzo. Mwenye sauti alikuwa amelala kaburini, lakini alichokiweka kilikuwa kizima kama siku alipokiandika. Hakika, akiba haiozi.