Ndama Aliyekwama na Simu Isiyo na Sauti

Hapo zamani. Msicheke! Zamani si lazima iwe ya mababu. Kama bando la simu liliisha jana, jana nayo ni zamani. Basi zamani hiyo, katika kijiji kimoja cha milimani huko Rungwe, aliishi kijana aitwaye Gwamaka. Shule aliiacha darasa la tano. Mwenyewe husema shule ndiyo iliyoachwa nyuma, ilikuwa inakwenda polepole mno. Lakini simu! Simu aliijua kama mke anavyoijua mifuko ya mumewe. Kioo kilikuwa na ufa, spika ilikuwa imekufa tangu izame kwenye ndoo, na bado Gwamaka aliipigapiga mfukoni akitamba, "Walimu wenu wanalala. Wangu halali!"

Kwa simu hiyo alijifunza kunyoa, alijifunza kupandikiza miparachichi, alijifunza kutengeneza redio. Redio ile haijasema neno mpaka leo, lakini tusiende huko. Wakubwa walimuuliza swali moja tu: "Hiyo simu yako inakamuliwa?" Hapo ndipo alipochomwa. Kwao, mwanamume asiye na ng'ombe hukaribishwa kigoda cha mguu mbovu. Na Gwamaka hakuwa na ng'ombe, hakuwa hata na kamba ya kumfungia.

Asubuhi moja yowe likapigwa kwa Mama Tusekile, mjane wa jirani. Ng'ombe wake wa pekee, aliyelisha na kusomesha watoto wake wanne, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Kwato mbili za ndama zimetokeza. Kichwa hakuna. Bwana mifugo akapigiwa. Mteja unayempigia hapatikani. Akapigiwa tena. Hapatikani.

Mama Tusekile akashika kiuno, akalia, "Jamani, atakayeniokolea ng'ombe wangu, ndama ni wake! Awe dume, awe jike, ni wake!"

Gwamaka hakusubiri sentensi iishe. Akatimua mbio kupanda mlima, maana mtandao wa kijiji kile ulikuwa haushuki bondeni. Ulikaa juu, kwenye uzio wa shule. Watoto wa darasa la tano wakamwona dirishani.

"Kaka Gwamaka, umerudi kujiandikisha?"

"Nimekuja kuwakagua! Wewe, fulana ndani!"

Kuandika hakumpendi, kwa hiyo akaisemesha simu: ng'ombe amekwama kuzaa. Simu ikamletea video ya daktari mmoja wa ng'ombe wa nchi za mbali. Akaipakua, akashuka kama jiwe. Chaji, asilimia sita.

Njiani akaitazama. Aliitazamaje? Alivyozoea: akaruka mwanzo, akaruka katikati, akatua mwishoni. Akaona kamba, akaona daktari anavuta, akaona ndama huyoo. Basi, kasoma!

"Ni kuvuta tu!" akatangaza bandani. Akafunga kamba kwenye miguu ya ndama, akavuta. Ng'ombe akalia mlio uliowafanya wanaume waliosimama mlangoni wakumbuke kazi zao za shambani.

Mkono wa mtu ukamdaka kifundo cha mkono. Alikuwa Atuganile, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa. Akamnyang'anya simu, akairudisha video mwanzo kabisa. Spika imekufa? Kwake yeye ilikufa lini, iliwahi kuwa hai? Maisha yake yote alisoma mikono ya watu, na sasa alisoma mikono ya daktari. Akatazama mara ya kwanza. Akatazama mara ya pili.

"Mwambieni aache sinema, ng'ombe anakufa!" akafoka Bibi Tupokigwe, mkunga wa zamani. Nani angemwambia, na angesikia nini? Atuganile akaanza mara ya tatu. Katikati, kioo kikawa cheusi. Asilimia sita, kwisha.

Atuganile akakunja ngumi, akaisukumia kwenye kiganja cha pili. Akakunja shingo, akainyoosha. Kisha akavuta. Mama Tusekile, aliyekua naye mlango kwa mlango, akaelewa. "Anasema kichwa kimegeukia nyuma! Ndama asukumwe arudi ndani kwanza, kichwa kinyooshwe, ndipo avutwe."

"Arudi? Anayetaka kutoka arudi?" watu wakaguna.

Nani aingize mkono? Wa Gwamaka ulikuwa kama mgomba. Macho yote yakamwendea Bibi, mwenye mkono mwembamba na viganja vilivyopokea watoto wa kijiji kizima.

"Mimi? Mkono uliopokea binadamu upokee ng'ombe? Nani ataniita tena kwa mkewe?" Akajifunga kanga, akaondoka. Akafika kwenye migomba, ng'ombe akalia tena. Akarudi amenuna. "Nipeni sabuni. Na yeyote atakayecheka, mimi ndiye niliyemzalisha mama yake, ninayo ya kusema."

Hakucheka mtu.

Bibi akazamisha mkono mpaka begani, macho kwa Atuganile. Ng'ombe akijikamua, Atuganile anainua kiganja: subiri. Ng'ombe akipumua, anasukuma ngumi: sasa. Subiri. Sasa. Subiri. Sasa.

"Nimeshika sikio," akasema Bibi. "Nimeshika... pua! Pua hii hapa! Haya, mtoto wa simu, vuta!"

Gwamaka akavuta. Ndama akatoka, jike, mweusi mwenye doa jeupe kama maziwa usoni. Akapiga chafya. Mama yake akamlamba. Mzima huyu, mzima yule.

Hapo sasa vita ikaanza.

"Ndama ni wangu," akasema Gwamaka. "Nani aliyekuwa anajua chochote hapa? Bila mimi mngeimba nyimbo za msiba!"

"Wewe?" Bibi akamkata. "Wewe ulikuwa unachinja bila kisu. Wangu huyu. Simu haikuingia tumboni, mimi nimeingia."

"Uliingia baada ya kuondoka, Bibi!"

Atuganile akapiga makofi wamtazame. Mikono ikaenda mbio, Mama Tusekile akatafsiri: "Anasema, wewe ulileta somo hukulisoma. Bibi ana mkono, ila haukujua pa kwenda. Aliyejifunza ni yeye Atuganile."

"Hata kidole chake hakikulowa!" wakasema wale wawili kwa pamoja, mara ya kwanza kupatana siku hiyo.

Mama Tusekile akainua kanga yake kutaka kimya. "Niliapa, na ndama ni mmoja. Siku ya tatu njooni. Nitakayemwita ampe ndama jina, ndiye mwenye ndama."

Siku ya tatu wakaja. Gwamaka alikuwa ameoga. Ndama akatolewa nje, anayumba kwenye jua. Kabla mjane hajafungua mdomo, Gwamaka akaropoka, "Mtandao!" Bibi akasema, "Anaitwa Mkono!" Atuganile akasukuma ngumi kwenye kiganja, taratibu, na hilo lilikuwa jina pia. Ndama akawatazama wote watatu. Mama Tusekile akanigeukia mimi msimulizi wenu, niliyekuwa nimesimama pale, nami nawageukia ninyi, na wenye vyeti vya shule ndio waanze: je, kati ya majina matatu, ndama yule aitikie lipi?