Ndoo ya Asali ya Kisengele

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana serikali ilikwisha anza kupokea barua, tembo waliisumbua Kisengele. Kila mahindi yalipokomaa walitoka hifadhini kufuata maji mtoni. Walianza na shamba la Nyamizi, mjane aliyelima mpakani, kisha wakaenda kwa wenzake. Mwaka mmoja kijiji kizima kilishindia uji.

Wilaya ikamtuma Haule, afisa wanyamapori. Akaitisha mkutano.

"Tuzungushe waya, tutundike mizinga juu yake. Tembo akigusa waya, nyuki watamjibu."

"Waya uko wapi?" akauliza Nyamizi.

"Nitauomba."

"Na mizinga?"

Watu wote wakamgeukia Shigela, mrina asali. Mzee akakohoa, akatazama juu, akakohoa tena. Mizinga thelathini ndiyo mali yake yote. Akaitoa.

Haule akaandika barua, asijibiwe. Akaandika ya pili, asijibiwe. Baada ya ya tano akapanda pikipiki, akakaa siku tatu kwenye benchi la ofisi mpaka wakampa waya, nadhani ili aondoke.

Nyamizi akasema, "Tukiziba kote, kiu itawafanya wavunje hata huo waya. Waachieni njia ya mtoni."

"Ipite shamba la nani?" akauliza Haule.

Kila mtu akakumbuka kwamba shamba lake ni dogo.

"Basi ipite langu," akasema Nyamizi. Akatoa ekari moja kati ya mbili alizokuwa nazo.

Alasiri moja tembo dume akaja, akasukuma waya. Mizinga ikayumba, nyuki wakamiminika. Tembo akapiga ukelele, akageuka, akashika njia ya Nyamizi hadi mtoni. Haule, aliyekuwa karibu akiwaeleza watu jambo la kitaalamu, alikimbia pia. Wapo wanaoapa kwamba alimpita tembo.

Mwaka huo mahindi yalivunwa yote. Mizinga nayo ikatoa asali, ndoo moja. Kijiji kikaamua: apewe mmoja tu, aliyeokoa mavuno.

"Nyuki ni wangu," akasema Shigela. "Waya mtupu tembo angeukanyaga akicheka."

"Mzee wangu, shikamoo, umri wako nauheshimu," akasema Haule, jicho moja bado limevimba. "Lakini bila waya, tembo angepita katikati ya mizinga yako, na nyuki wangelala tu."

"Hiyo si kazi uliyotumwa?"

"Kuumwa na nyuki sikutumwa, mzee."

Nyamizi akatabasamu. "Ninyi wanaume, mizinga bado ipo, waya bado upo. Ekari yangu iko wapi? Bila njia ile, tembo mwenye kiu na nyuki masikioni angekimbilia wapi kama si majumbani mwenu?"

Wazee wakashauriana tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Wakatoka vile vile walivyoingia, ila wawili walikuwa wakilamba vidole.

Haya, sisimizi nao wamekwisha ona njia ya ndoo. Semeni upesi, ninyi mnaosikiliza: mngempa nani?