Picha Sitini za Ubongo

Nimetumiwa hii na rafiki, nikaisoma nikajiona mimi mwenyewe ndani yake. Isome, kisha umpe mwingine asiyetulia.

Katika hospitali moja palikuwa na chumba cha mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi. Wakubwa walisema: ikifika Ijumaa bila ushahidi kwamba mazoezi yanasaidia, chumba kinafungwa.

Ushahidi ulikuwa mikononi mwa mtafiti mmoja, Lugano. Alikuwa amepiga picha za ubongo wa wagonjwa waliopooza upande wa kulia, mara tatu: Januari kabla ya mazoezi, Machi, na Juni. Jumla picha sitini. Kila picha aliipa namba yake, akaziingiza zote kwenye programu ya kompyuta na kuiagiza itafute mabadiliko. Yakiwepo, sehemu hiyo ya ubongo huwaka nyekundu.

Haikuwaka hata nukta.

Jumatano alirudia mara tisa. Alikaa, akasimama, chai ikapoa, akabofya tena. Moyo haukutulia hata kidogo. Alhamisi akafanya jambo la aibu: akalegeza masharti ya programu kidogo kidogo, ikubali hata tofauti za bahati tu, mpaka wekundu ukatokea.

Profesa Mwambene, msimamizi wake, akachungulia.

"Lugano, hapa nje ya fuvu napo pamewaka. Siku hizi watu wanafikiri kwa hewa?"

Lugano akainamisha kichwa. "Profesa, kesho ni Ijumaa."

"Najua. Iache hiyo kompyuta. Chukua orodha yako, wapigie simu wote, uwajulie hali."

"Wote sitini? Muda huo nautoa wapi?"

"Sitini?" Profesa akamtazama kidogo. "Haya, anza."

Alianza huku amekunja uso. Orodha haikuwa na majina, ili kutunza siri za wagonjwa. Ilikuwa na namba za picha na simu tu, za Januari kwanza, kisha Machi, kisha Juni. Alipiga haraka haraka, salamu mbili tatu, anakata. Akamaliza za Januari, akapiga ya ishirini na moja.

"Shikamoo, napiga kutoka hospitali. Unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Si tumeongea sasa hivi? Ni mimi, Bibi Anyisile."

"Samahani, bibi. Hii ni ya picha ya Machi."

"Ya Januari ni mimi, ya Machi ni mimi, na ya Juni ni mimi. Mlinipiga picha mara tatu, sikuzaliwa mara tatu!" Bibi akacheka. "Na usinipime na yule mzee wa kitanda cha jirani. Yeye alikuja anatembea, mimi nilikuja nimebebwa. Nipime na mimi wa Januari. Januari mkono huu wa kulia haukuweza kushika kikombe. Leo ndio umeshika hii simu."

Lugano aliitazama orodha: kila namba ya simu ilirudi mara tatu. Machozi yalimtoka, ya aibu na ya furaha kwa pamoja. Hakuwa na watu sitini, alikuwa na watu ishirini, na kwa siku mbili alikuwa akilinganisha wageni na wageni. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, ikafunika hatua ndogo ambayo kila mmoja alikuwa amepiga.

Akarudisha masharti yote kama yalivyokuwa. Safari hii, kwa kufuata namba za simu, akaiambia programu picha zipi tatu ni za nani, ili kila mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe. Akabofya mara moja, akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama.

Aliporudi, Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Lugano, mbele ya kompyuta. Upande wa kushoto wa ubongo, pale panapoongoza mkono wa kulia, palikuwa na doa dogo jekundu. Dogo, lakini lilikuwa ndani ya fuvu.

Ijumaa chumba hakikufungwa. Jumatatu Bibi Anyisile alifungua mlango wa chumba hicho kwa mkono wa kulia.

Funzo: Ukitaka kujua kama mtu amesonga mbele, usimpime na jirani yake. Mpime na yeye wa jana, na wewe ujipime hivyo hivyo.