Zamu ya Maji ya Mgonja

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mjane aitwaye Nakunda. Nyumba yake ilipakana na ya Mgonja, na jirani huyo alimtesa kuliko ujane wenyewe.

Mgonja alikuwa na shamba zuri kando ya mfereji, na njia ya kwenda kuteka maji ilipita mbele ya mlango wake. Siku moja aliamka akiamini kwamba watu wanamwibia maji. Tangu siku hiyo akawa analaza panga katikati ya njia, anakaa kwenye kigoda, na kumwuliza kila apitaye, "Umetumwa na nani?" Ukijibu, anauvunja mtungi wako. Usipojibu, anauvunja vilevile. Siku nyingine hakuvunja kitu. Alikufuata tu nyuma, kimya, panga mkononi, mpaka mlangoni kwako, akasimama hapo, na wewe ndani umewakumbatia wanao, hata kupumua unaogopa.

Watu walikwenda kwa mkuu wa kijiji, Mzee Mrindoko. Akawaambia, "Mgonja ndivyo alivyo. Piteni njia ya juu."

Njia ya juu ilikuwa ya mawe, na ndefu mara mbili. Wakaipita. Wajawazito, vikongwe, wagonjwa, wote. Miaka saba kijiji kizima kilipanda mlima kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda.

Mwaka huo wa saba Nanzia, mdogo wake Nakunda, aliteleza huko juu akiwa na mtungi kichwani, akavunjika nyonga. Hakutembea tena. Mzee Mrindoko akaja kutoa pole. "Mawe yale yana utelezi sana," akasema.

Nakunda alimtazama. "Mawe hayakutufukuza kwenye njia yetu, mzee."

"Sasa unataka tufanye nini, mwanangu?"

"Nyinyi sijui. Mimi nitapita njia yangu."

Kesho yake asubuhi akapita. Mgonja akainuka kwenye kigoda.

"Umetumwa na nani?"

"Na kiu."

Mgonja akauvunja mtungi. Siku ya pili akapita, ukavunjwa. Siku ya tatu akapita, ukavunjwa. Watu walichungulia kutoka njia ya juu, na wengine wakanong'ona kwamba Nakunda anamchokoza jirani yake. Neno hilo lilimuuma kuliko mitungi yote mitatu. Yaani kutembea kwake ndiko kulikuwa uchokozi, na lile panga njiani si uchokozi.

Siku ya nne Mgonja hakuuliza. Aliinua panga. Asubuhi hiyo Senzia, mhunzi wa kijiji, alikuwa ameona haya kumwacha mwanamke apite peke yake, akamfuata kwa nyuma. Aliruka, akalidaka panga kwa mkono mtupu. Vidole vyake viwili vikabaki chini. Hapo ndipo watu waliposhuka, Mgonja akafungwa kamba.

Barazani, mchana huohuo, Mgonja alikana. "Wawili hawa walinivamia ndani ya ua wangu. Nani aliona vingine?"

Watu wa njia ya juu wakatazama chini. Mmoja akasema kulikuwa na ukungu. Mwingine akasema macho yake mabovu.

Ndipo akasimama Nambike, mkewe Mgonja. "Mimi niliona. Jana alisema mbele yangu kwamba leo atamkata Nakunda. Na kabla ya jana nimeona miaka saba."

Kwa neno lake Mgonja akafukuzwa kijijini, asirudi. Siku hiyohiyo ndugu zake Mgonja wakaitupa nje mikeka ya Nambike.

Likabaki shamba. Halikugawika, maana lilikuwa na zamu moja tu ya kufunguliwa maji ya mfereji. Mzee Mrindoko akatangaza, "Atalichukua aliyetuondolea hofu."

Nakunda akasema, "Nilipita pale nyote mkiwa juu. Nisingepita, mngekuwa mnapanda mpaka leo. Na Nanzia halimi tena, namlisha mimi."

Senzia akainua mkono uliofungwa kitambaa. "Nisingelidaka panga, Nakunda angekuwa kaburini. Sasa nyundo nitaishikaje?"

"Panga lile nani alilifua?" Nakunda akamwuliza. "Nani alilinoa kila mwaka, na anajua linalazwa wapi?"

Senzia akaushusha mkono. "Mimi. Akiniletea panga niliogopa kukataa."

Nambike akasema, "Mimi makovu yangu hayaonyeshwi mbele za watu. Lakini nisingesema, Mgonja angekuwa amesharudi kwenye kigoda chake, na nyinyi wawili ndio mngefukuzwa. Nimesema, na sasa sina pa kulala."

Hasira ikampanda Nakunda. "Miaka saba ulikuwa ndani unasikia mitungi yetu inavunjika."

"Nyinyi mlikuwa na njia ya juu," Nambike akajibu. "Mimi ya kwangu ilikuwa wapi?"

Mzee Mrindoko akakohoa, akataka kusema jambo liahirishwe. Nakunda akamgeukia. "Hapana, mzee. Kusubiri tumesubiri vya kutosha."

Na kweli haikuwezekana kusubiri. Zamu ya maji ya shamba lile ilikuwa alfajiri ya kesho yake, na ilibidi mtu mmoja tu aende kuyafungulia. Je, nyinyi mliosikia, kati ya Nakunda, Senzia na Nambike, nani alistahili kwenda?